Mlio wa Pikipiki ya Baba

Kijana mmoja alipanda basi akiwa amepakata kitu kilichofungwa kwa taulo. Nilikaribia kumpongeza kwa kupata mtoto, taulo likafunguka: krenki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni.

"Hii inarefusha mwendo wa pistoni, mzee," alimwambia fundi mwenye kucha nyeusi aliyeketi kando yake. "Nikishafungiwa pale gereji, pikipiki ya marehemu baba itapanda mlima kama swala."

"Itapanda, mwanangu. Halafu silinda italika upesi, na mlio utabadilika."

"Kwani mlio ndio unaopanda mlima?"

Hoja nzito, nikaiheshimu kimoyomoyo.

"Nyumbani nani anausikia?" fundi akauliza.

Kijana alilifunga taulo polepole. "Mama. Akiusikia langoni, bado anamimina chai ya baba."

Kondakta akaita, "Gereji!" Basi likasimama. Kijana hakuinuka.