Ngumi ya Mzee Mikono

Ndugu, majirani, nanyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na buti zenu za saruji, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwaeleze habari za huyu tunayemzika leo, baba, mume na kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mzee Mikono.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha mbao, ambako misumeno ilinguruma kutwa, hata watoto wa nyumba ile wakazoea kuombana chumvi kwa vidole. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973, akamsaidia baba yake kupiga randa, na tarehe 2 Juni 1979 akaajiriwa kibarua katika kampuni ya ujenzi, ambako baadaye alifanywa mtoa ishara wa kreni, yule anayesimama chini na kumwelekeza kwa mikono dereva aliyeko juu, asiyesikia sauti ya mtu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa mtoto wa kiume na wawili wa kike, na shemeji yetu bado anasimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiagiza chai kwa vidole kutoka upande wa pili wa ua, naye akimjibu kwamba yeye si kreni, baba watoto afungue mdomo.

Mwaka 1986 msimamizi mmoja mwenye haraka alijitia kupunga mkono wakati mzigo uko hewani, dereva akaona watu wawili wanapingana, boriti ya chuma ikayumba na kumponda fundi mwashi, aliyekuwa chanda na pete na marehemu, akafa palepale. Tangu hapo, kila asubuhi kabla injini haijawashwa, marehemu aliwakusanya wenzake na kuwaambia yaleyale, mpaka wakamtania kwamba amemeza kanda: mwenye kuelekeza awe mmoja, ishara irudiwe kabla ya kugusa chochote, na ngumi ikiinuliwa maana yake simama, na ngumi hiyo mtu yeyote anaweza kuiinua, hata mfagizi. Nyumbani jambo hilo hakulizungumza kamwe, kwa uchungu wa rafiki yake, na ukimya huo ulitugharimu baadaye.

Tarehe 3 mwezi huu alipata kiharusi, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, akapoteza usemi na nguvu zote za upande wa kulia. Kifungua mimba wake, aliyekuwa akilala kwenye kiti kando ya kitanda, alimwinamia akamwambia kwamba upasuaji wa pili unaweza kujaribiwa, na baba akainua ngumi ya kushoto mbele ya uso wake. Mwana alitoka akalia kwenye ngazi za hospitali, na kwa siku mbili hakuthubutu kuingia wodini, akiamini baba yake anakufa akiwa na hasira naye, wala hakumwambia hata mama yake.

Dereva wa kreni, alipokuja kumjulia hali mwenzake, alimkuta mwana pale kwenye ngazi, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono na kumrudisha ndani. "Hakugombezi," alimwambia. "Anasema simama. Mrudishie." Mwana akainua ngumi yake, akauliza kama baba hataki kupasuliwa tena, na marehemu akakunjua vidole, akampapasa shavu. Alifariki alfajiri ya tarehe 19, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walioheshimu uamuzi wake na kutueleza kila hatua kwa maneno tunayoyaelewa, majirani waliotupikia na kutufagilia ua, na wafanyakazi wenzake, waliozima mitambo yao leo. Kaburini, dereva wa kreni ndiye atakayeelekeza, peke yake, nao walioshika kamba za jeneza hawatalegeza mpaka kifungua mimba airudie ishara.

Pumzika kwa amani, Mzee Mikono. Tumekuelewa.