Mashua Isiyotiwa Gundi

Fungeni dirisha hilo, vumbi linaingia, kisha mkae. Tekla, kaa hapa kichwani pangu unipe maji nikiyataka. Kasimiri, wewe kaa pale mbele nikuone, na hiyo kofia iweke chini, usiishike kama mtu anayeaga, maana leo huondoki Ipuli mpaka mimi niwe nimemaliza. Mdogo wenu Sylvester msimsubiri, nimemtuma hapo jirani, atarudi. Padre amekwisha nipaka mafuta asubuhi, na mambo yangu na Mungu nimeyaweka mikononi mwake, yeye anayajua. Yaliyobaki ni yangu na ninyi, wanangu, na hayo nitayasema kwa hasira kwa sababu hasira ndiyo iliyoniweka hai tangu jana.

Jana umeniletea ile mashua yangu ndogo ya mezani, Kasimiri, umeifunika shuka kama bibi harusi, ukaifunua ukitabasamu. Nikaona rangi nyeupe. Nikaona kibendera cha Kiingereza kwa nyuma. Nikanyoosha mkono nichomoe ubao wa ubavuni kama nilivyouchomoa kila mwaka tangu wewe hujazaliwa, haukutoka. Nikavuta, haukutoka! Nawe ukacheka, ukaniambia, “Baba, sasa haichezichezi tena, nimeitia sherisi kila kiungo, hata Bwana wangu akifika nayo Ulaya itakuwa imara.” Ebo! Nani alikuambia ilikuwa inacheza kwa kuwa fundi wake hajui kutia gundi? Mimi, Modest, niliyetengeneza madawati ya misheni na viti vya kanisa na milango ya nusu ya mji huu, nisijue kuchemsha gundi ya ngozi?

Usinijibu. Nimesema usinijibu! Ukarani wako umekufundisha kujibu kabla hujaulizwa.

Mashua ile haikutiwa gundi kwa sababu ile ya kweli haikuja huku ikiwa nzima. Babu yenu Ngollo alikuwa mpagazi. Wamisionari waliifungua mashua yao kule Pwani, vipande arobaini na kimoja, wakavitwika watu arobaini na mmoja, na watu hao wakavibeba kichwani na mabegani kwa miezi, wakapita Ugogo kwenye kiu, wakapita hapa kwetu Unyanyembe, wakaenda hadi Ujiji ikaunganishwa tena ikatiwa ziwani. Baba aliiona Pwani kabla haijafunguliwa. Mimi ziwa lenyewe sijaliona hata siku moja, lakini nimeketi na baba miaka miwili, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye meza ya kazi, ananiambia: taruma hili, huu ubavu wa ndani, lilibebwa na fulani, lilimchubua bega, ubao huu ulibebwa na fulani, alikufa kwa ndui tukamfukia njiani. Nami nikachonga. Mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, nikauchonga kwa mninga ulioanikwa kivulini misimu mitatu, maana mninga mbichi unapasuka ukifika mwezi wa tisa. Mbao za ubavu nikazipasua nyembamba hata jua linapenya, nikazishikilia juu ya mvuke wa chungu, nikazikunja pole pole kwenye magoti yangu. Alama za kuungua mnazijua. Vigingi ni mpingo, matundu yake nimeyatoboa kwa ujiti wa mwavuli niliounoa. Randa yake ni ile ndogo ya urefu wa kidole, ulimi wake ni kamani ya saa mbovu. Nikasugua kwa majani ya msasa, nikapaka nta ya mizinga yangu ya Isikizya. Msumari hata mmoja hamna.

Na kwenye kila kiungo, pale kipande kinapokutana na kipande, nilichonga jina la aliyekibeba. Ndiyo maana kila Siku ya Marehemu tukitoka misani tunaifungua mashua mezani, tunasoma jina, tunaweka kipande chini, mpaka wote arobaini na mmoja wametajwa, kisha tunaiunga upya ndipo tunakula. Mama yenu Apolinaria, Mungu amrehemu, alikuwa anapika huku akiitikia. Wewe Kasimiri umekula chakula hicho miaka arobaini! Ulikuwa unatafuna nini hasa, wali peke yake?

Jana nimekuuliza majina yako wapi. Ukaniambia, tena bila haya, kwamba ulipiga randa nyuso za viungo ili gundi ishike. Hapo nitakusifu: ni kweli, gundi haishiki juu ya herufi zilizochongwa. Fundi aliyekufundisha hilo ni mimi. Ukapiga randa. Watu arobaini na mmoja wakatoka kama maranda, ukayafagia, sijui ukayawashia moto wa chai. Na yote hayo ili Mzungu wako apande treni ya Jumamosi na zawadi, nawe uachwe kwenye kiti cha karani mkuu. Basi sikia mbele ya mashahidi: mashua haipandi treni. Mwambie Bwana wako mzee wako ni mkaidi, mwambie ana wazimu, mwambie utakalo. Haitoki nyumba hii.

Maji, Tekla. Kidogo tu. Basi.

Nyumba hii ni yenu ninyi wawili, Kasimiri na Sylvester, chumba cha uani kiwe cha dada yenu maisha yake yote, na asiulizwe anaondoka lini. Mizinga ya Isikizya ni ya Sylvester, nyuki wanamzoea. Sanduku la vyombo ni la Tekla. Nasema la Tekla! Randa zote, patasi zote, msumeno wa meno madogo, jiriwa, na ile randa ya kidole. Watu watasema mwanamke hashiki randa. Waacheni waseme; mimi ndiye ninayejua nani alinishikia mbao za viti juu ya mvuke tangu ana miaka saba, nani hakuziachia hata vidole vilipobabuka, na nani alikuwa anatoroka kwenda kucheza mpira.

Kazi yako, mwanangu, ni kuifungua. Usiiendee kwa nyundo wala patasi kwa hasira zangu hizi, utaivunja. Kwanza kwangua hiyo rangi kwa kigae cha chupa, taratibu. Halafu chemsha chungu kikubwa, funika mashua kwa gunia bichi, mvuke uingie, ungoje mpaka unuse harufu ya ngozi inayochemka, ndipo ujue gundi imelegea. Ingiza kisu butu, anza na mbao za juu, teremka hadi kwenye mataruma, mkuku uwe wa mwisho. Viungo vitakuwa vimelegea kwa sababu ya randa ya kaka yako; uvipachike vibanzi vyembamba vya mninga, usitie gundi. Kisha chonga majina. Unayo yote kichwani, nimekusikia ukiyataja ukitwanga. Na kaka yako atakaa pembeni akushikilie kila kipande, yeye aliyeyafuta, na kila unapochonga atalitamka jina mpaka alikariri. Hilo ni sharti. Asipolitimiza, asiguse jeneza langu.

Unalia, Kasimiri? Lia. Ngoja lakini, usiyamalize machozi, kwa maana kuna lililonikalia kooni na si lako.

Jina la mkuku. Mmesoma kila mwaka “Ngollo.” Baba yangu. Mzigo mrefu kuliko yote, uliokuwa unanasa kwenye matawi ya miombo, na mimi nimejivunia huo mkuku kwa kila aliyeingia hapa. Uongo. Baba aliubeba kutoka Pwani mpaka hapa Unyanyembe, akaona moshi wa nyumba yake, akasikia mama ana siku ya tatu tangu ajifungue mtoto wa kiume, na mtoto huyo ni mimi. Akautua mkuku. Asubuhi msafara ulipopiga ngoma hakutoka ndani. Mwenzake Mahona, aliyekwisha kumwachia mtu mwingine mzigo wake ili alipwe aende kwake, akasema mkuku hauwezi kulala njiani, akajitwika. Naye alikuwa na mtoto mchanga vilevile. Akafa kwenye kivuko cha Malagarasi, mto umejaa, mkuku ukavuka, yeye hakuvuka.

Mimi nilipochonga “Ngollo” baba alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, akatazama, akanyamaza. Alinyamaza miaka. Siku tatu kabla ya kufa, ule mwaka baada ya vita vya Wajerumani, akanishika mkono akaniambia kama ninavyowaambia sasa: futa jina langu, andika Mahona. Ule ndio ulikuwa wosia wake, hakuwa na mwingine. Nami nikaitikia “ndiyo, baba.”

Matangani akaja Shilinde, mtoto wa Mahona, yule yule mtoto mchanga, huyu jirani yetu wa nyuma ya ua. Akasema kwa adabu, bila ugomvi, kwamba mama yake alimwambia mkuku ulibebwa na baba yake, na anaomba atajwe. Mbele ya watu wote nilimwita mwongo. Nilimsukuma akaanguka kwenye majivu. Nilijua anasema kweli, wanangu, nilijua! Miaka thelathini huyu mtu ananisalimu kila asubuhi ng’ambo ya ua, “Mwangaluka,” na miaka thelathini simwitikii, kwa sababu nikimwitikia itabidi nimwambie. Mlidhani nina chuki naye. Nilikuwa na haya.

Kwa hiyo Kasimiri, randa yako imefuta watu arobaini ambao ilikuwa haki yao kuwapo pale, na kwa hao sitakusamehe mpaka uwakariri. Na imefuta mmoja niliyetakiwa kumfuta mimi. Kwa huyo... sijui nikuambie nini. Hasira yangu jana usiku haikunipa usingizi, na karibu na alfajiri nikaona nusu yake si yako.

Nizikeni karibu na mama yenu. Msininunulie suti. Jeneza ni mkora, mbao zipo darini, Tekla anajua. Msigombane kwa ajili ya nyumba. Mungu awape... pumzi inakata... awape mikono inayotulia, na ndimi zinazosema mapema kuliko wangu. Wewe Kasimiri, njoo. Inama. Hivyo. Mungu akuweke, mwanangu, mpumbavu wewe.

Nani anapiga hodi? Sylvester, ni wewe? Umekuja naye? Mlete, mlete mpaka hapa kitandani. Tekla, ile randa ya kidole na patasi ndogo, mpe mkononi. Kwenye mkuku atachonga yeye mwenyewe jina la baba yake, herufi yoyote anayoijua... hata akikosea.

Shilinde.

Mwangaluka, ndugu yangu.

Kasimiri... mpishe kiti.