Dari ya Kimo cha Mama

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mke wangu aliaga dunia, na nyumba ikanyamaza. Wiki moja kabla, alikuwa amepanda juu, chini ya paa la nyumba yetu kuukuu, tulikotaka kumjengea binti yetu chumba cha kulala chenye bafu lake. Alisimama wima, mgongo kwenye nguzo, akachora mstari wa penseli, upana wa kiganja kimoja juu ya utosi wake. Jana seremala alimaliza kazi. Mbao za dari amezipigilia palepale kwenye mstari. Mimi nikiingia, nainama kama mtu anayetafuta sindano. Na binti anahamia kesho, ili nisibaki peke yangu. Basi nimekuja kijiweni, kwa wenzangu wa kahawa, kutafuta msaada; seremala naye yupo.

— Wewe seremala, akafoka Injini, dereva mstaafu. Ule mstari ulidhani ni wa nini?

— Nimekuta alama, nimefuata alama. Nimuulize nani, na mwenyewe keshazikwa?

— Mzee ana nundu kichwani!

— Avue viatu.

— Paa liinuliwe kwa jeki, Injini akasema. Jeki nne za lori, moja kila kona.

— Na kuta je? seremala akauliza.

— Zitazoea.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, akaweka kikombe chini.

— Mnahangaika bure. Shusheni sakafu.

— Sakafu ya juu ndiyo dari ya sebule, Profesa! seremala akadakia.

— Basi shusheni na sebule. Chimbeni.

— Mzee aingie kwake kama panya?

— Jamani, nikasema, mtoto anakuja kesho.

— Tulia, kaka, tunafikiri.

Fundi cherehani, aliyenifuata kijiweni twende akapime mapazia ya chumba, alikuwa amesimama nyuma yetu, tepu shingoni.

— Samahani, baba zangu. Huyo binti mwenyewe ana kimo gani?

Injini akamtazama Profesa. Profesa akamtazama seremala. Seremala akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

Siku ya maziko binti yetu alivaa gauni la mama yake. Hatukukunja pindo, wala hatukulishusha.

— Iacheni dari ilivyo, nikasema. Mimi nitainama.

Ee Mola, mke wangu alimpimia mwanawe nafasi kwa kichwa chake mwenyewe. Huko ulikomwita, naye umpe chumba chenye mwanga, asimame wima. Amina.