Picha Iliyo Kwenye Jalada

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama muuguzi. Kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kusimama bila kutikisika, kwa sababu baba alimpandisha juu ya kigoda na kumvisha magauni ya wateja ili apime pindo. Akijikuna tu, pini inamchoma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989. Kwa urefu wake wenzake walimwita Twiga. Mwalimu wa hesabu alisema shingo ile ni neema, ila asiitumie kuchungulia madaftari ya watu.

Mwaka 1991 mwenye duka la nguo alimwona akipeleka mzigo wa baba, akamwomba avae gauni mbele ya kamera. Tangu hapo aliishi kwa kuambiwa inua kidevu, geuza shingo, cheka. Juni 2002 mama yetu alifariki, na matanga hayajaisha dada aliitwa kwenye kazi ambayo mkataba haukumruhusu kuiacha. Akaambiwa acheke, akacheka. Picha hiyo ilibandikwa kwenye bango mbele ya kituo cha mabasi mwaka mzima, na mwaka mzima dada alipita njia ya nyuma. Hakukubali tena kupigwa picha. Tukimsihi, anasema, "Uso wangu umeshauzwa vya kutosha. Uacheni upumzike."

Alinunua kamera kuukuu, akafungua studio katika chumba kimoja juu ya duka la vioo. Katika harusi ya kwanza aliyoajiriwa kupiga picha, mgeni mmoja aliinua kamera yake, na dada bila kujijua akaweka mkono kiunoni kando ya bibi harusi. Aliposhtuka alichutama nyuma ya keki. Mazoea yana taabu. Lakini kazi aliijua. Hakumwambia mteja acheke hata siku moja. Aliweka kamera magotini na kuuliza, "Nani kakuudhi leo?" Mtu akishanogewa na kusimulia, ndipo anapobonyeza.

Tarehe 17 Aprili 2004 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa moja ya studio, akawa anarudi kuikagua mpaka majirani wakadhani nyumba itaungua. Mwaka uliofuata walijaliwa binti. Katika picha zote za familia yetu dada hayupo, ila kivuli chake miguuni mwetu. Binti aliomba tangu utotoni ampige mama yake picha, hata moja. Shemeji alibembeleza, nasi tukabembeleza, jibu likawa lile lile. Lilimuuma mtoto, na kusema kweli lilituuma sote.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Nywele zilikwisha, mwili ukakonda, na binti akaacha kuomba. Asubuhi moja wodini, mwezi Mei, dada mwenyewe akamwambia, "Lete kamera."

"Mama, si lazima."

"Najua si lazima. Simama hapo dirishani, mwanga uwe nyuma yako. Na usiniambie nicheke."

Binti aliinua kamera. Akaishusha, akaketi, akaiweka magotini.

"Nani kakuudhi leo, mama?"

Dada alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, shemeji akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, binti, baba yetu, ndugu wanne, na wapwa wengi aliowapiga picha wakiwa wamenuna.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini kwenye jalada la kijitabu hiki cha mazishi hatukuweka zile picha zake nzuri za ujanani. Zile aliambiwa acheke. Hii alicheka mwenyewe.

Apumzike kwa amani dada yetu, na asitokee tena wa kumwambia ageuze shingo.