Shikamoo Iliyomfika Sabiha Kwenye Basi la Muheza

Jamani, hili mtasema natunga! Sabiha alipanda basi la Muheza kwenda Tanga akiwa na siku arobaini hajagusa chapati wala mchuzi wa nazi. Ni matango na maji ya ndimu tu, ngozi irudi ya kisichana, maana Zubeiri, mchumba aliyekaa naye siti moja, ameambiwa binti ni wa mwaka tisini na tano.

Akaingia mwanamke mashavu yanang'aa, mkononi mihogo ya kukaanga. Akakaa mbele yao, akageuka kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Sabiha damu ikamchemka. "Mama yako nani? Kwanza wewe wa mwaka gani?"

"Themanini na tano."

"Muongo! Unapaka nini?"

"Wallahi themanini na tano. Nipake nini, shoga? Nakula nikashiba. Mchicha wa nazi, samaki, machungwa, kisha nalala. Wewe uso umesinyaa kama umefunga Ramadhani mbili mfululizo. Chukua muhogo."

Basi zima likaangua kicheko. Na Sabiha, kwa cheti cha kuzaliwa, ni wa themanini na saba! Kaamkiwa na mkubwa wake! Akaropoka, "Shikamoo yako ichukue, mimi mdogo kwako!"

"Kumbe? Wa mwaka gani? Apa kama nilivyoapa."

Zubeiri akatabasamu kwa maringo. "Muapie, mama watoto, wanyamaze."

Basi likasimama kituoni Ngamiani, mjini Tanga. Konda anagonga bati, hashuki mtu, wote shingo nyuma wanamsubiri Sabiha.

Haya, ungekuwa wewe, ungeapa mwaka upi?