Vifungo Sita

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wale wa viti vya nyuma pia, amkeni tumsifu!

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata Voi mjini huenda kwa kusukumwa. Kiharusi kiliponishika hapa Bura, mkono wa kulia ukalala kama paka, nikasema basi, nimepata sababu ya kutotoka kabisa.

Nanyi akina mama wa kanisa, mlinimaliza kwa upendo! Mlikuja kwa zamu, mkanilisha, mkanivisha. Nikigusa kijiko mnasema, "Pumzika mama, tupo." Nikapumzika mpaka mkono ukasahau kazi.

Binti yangu Mkamburi alikuwa chuo kikuu akisomea tiba ya kazi, yaani kumrudishia mgonjwa shughuli zake za kila siku. Nilizoea kumcheka: "Chuo kikuu kizima, unafundishwa watu wanavyovaa blauzi?" Alipokuja likizo akanikuta nalishwa, akalia. Akasema harudi chuo, atabaki kunitunza.

Ndugu zangu, hilo liliniuma kuliko kiharusi! Nikaomba: Bwana, nisiwe mzigo wa kumzuia mwanangu.

Asubuhi nikamwambia, "Nifundishe hiyo kazi yako. Nikifunga vifungo vyote sita vya blauzi yangu, unarudi chuo."

"Na ukishindwa, mama?"

"Utanivisha mpaka nawe uote mvi."

Ndiyo maana aliwarudisha langoni na sufuria zenu za kimanga cha muhogo na maharagwe, mkasema hana adabu. Alikuwa akinifundisha! Mimi nilimwita askari jela. Wiki nzima, kifungo kimoja. Likizo ikaisha niko vitano.

Siku ya kufungua chuo, begi lake bado tupu, nikaanza kutoka chini. Nikafika juu, kifungo cha sita hakina tundu! Kumbe nimeruka moja huko chini. Mkamburi akanyoosha mkono kunisaidia.

"Kaa!" nikamwambia. Akaikalia mikono yake, machozi yanamtiririka. Nikavifungua vyote. Nikaanza upya, naita jina la Yesu kila tundu. Cha sita kikaingia! Haleluya! Akanikumbatia, kisha akaenda kupanga begi.

Leo yuko chuoni, nami hii blauzi nimeifunga mwenyewe. Wewe unayedhani umekwisha, mwamini Bwana, uanze na kifungo kimoja. Nakushukuru, Yesu!

Na akina mama, kimanga leteni tu. Kijiko mniachie mimi.