Lidia Ngatirah wa Kibanda Namba Kumi na Saba

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Gondangsari, wafanyabiashara wa soko la Wonosoka, na wageni wa ofisi ya wilaya ambao tumewaona wameketi safu ya tatu, familia inawaomba utulivu kwa muda mfupi ili isomwe historia ya mpendwa wetu, kama ilivyoandikwa na mdogo wake, Yusak Suradal, kutoka katika daftari la familia na kumbukumbu za watoto wake, na pale ambapo tarehe haikupatikana tumesema wazi kwamba haikupatikana.

Marehemu Lidia Ngatirah alizaliwa siku ya Jumamosi Pon kwa kalenda ya Kijawa, tarehe 9 Machi 1957, katika kijiji hiki cha Gondangsari, kwenye mteremko wa mlima Merbabu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Wiryasentika na mama Saminem, ambao wote wametangulia, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1964 hadi Desemba 1969, akaingia sekondari ya chini mwaka 1970, lakini hakuvuka darasa la pili, kwa sababu mwezi Agosti 1971 baba yetu alianguka kutoka kwenye mkarafuu akavunjika nyonga, na mmoja kati yetu ilibidi aende sokoni na mama. Ripoti yake ya mwisho tunayo, alikuwa wa kwanza katika hesabu, na mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ni hasara.

Kazi yake kwa miaka hamsini na mmoja ilikuwa tempe, yaani kuchemsha soya, kuikoroga na chachu, kuifunga kwenye majani ya mgomba, kuilaza siku mbili hadi ishikane, na kuifikisha sokoni asubuhi ileile inapoiva, kwa kuwa tempe haijui mvua wala ugonjwa wala msiba, siku yake ikifika imefika. Alianza kwa kuuza chini, juu ya gunia, na tarehe 1 Juni 1983, soko la ghorofa lilipofunguliwa, akapewa kibanda namba kumi na saba, karibu na ngazi, na hakuhama tena. Kuanzia mwaka 1998 alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa soko, na katika miaka yote hiyo aliishika desturi tuliyoikuta kwa mama zetu, kwamba mnunuzi wa kwanza wa siku hulipa kwa noti, na noti ile hupigwapigwa juu ya bidhaa zote, toka mwanzo wa meza hadi mwisho, huku muuzaji akiiombea siku yake, na kabla ya noti hiyo hakuna malipo ya aina nyingine yanayopokelewa.

Tarehe 12 Novemba 1977 alifunga ndoa na Samuel Parjono, fundi baiskeli, wakajaliwa watoto watatu, Kristanto aliyezaliwa mwaka 1979, Retnowulan aliyezaliwa mwaka 1983, na Wahyono, aliyezaliwa mwaka 1986 na kuishi miezi minane. Mumewe alifariki tarehe 30 Agosti 2009, na siku ya tatu baada ya maziko marehemu alikuwa kibandani, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwamba soya ilikuwa imeshalowekwa.

Hapa familia inaomba kusema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi kwenye historia ya marehemu, kwa sababu imetufikia kwamba yapo maneno huko ofisini kuwa marehemu alikuwa mpinga teknolojia. Maneno hayo si kweli. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipolifunga soko, ni yeye aliyechukua simu kuukuu ya Kristanto, akajifunza kwa siku nne kutuma sauti, akawa anapokea oda za tempe, pilipili na vitunguu kutoka nyumba zaidi ya sitini za mjini, na kuzigawa kwa wenzake ili kila mmoja apate cha kupika, wakati ambapo hakuna kiongozi aliyefika hata kuuliza tunaishije. Kwa hiyo serikali iliposema itawekeza katika mtandao na simu ili kuuinua uchumi ulioanguka, hakuna aliyefurahi kumshinda yeye, na nyaya zilipofika alikwenda kuwapelekea mafundi chai.

Tarehe 4 Oktoba 2021 mpango ulioitwa Soko Linaamka ulizinduliwa Wonosoka, kila kibanda kikapewa simu inayofunguka kwa uso wa mwenye kibanda peke yake, na isipofunguliwa haipokei malipo, na kibao chenye msimbo wa kulipia, na ofisini ikawekwa skrini kubwa inayoonyesha vibanda vyote, kilicho hai kijani na kilichokufa kijivu. Ofisa mmoja alisimama jukwaani akasoma masharti, kwamba kibanda hai ni kile kilichopokea malipo ya simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, walau siku ishirini kwa mwezi, kisha akauliza kama yanafaa, na akina mama wote wakaitikia kwa vichwa kwa adabu, marehemu akiwa mbele yao. Sisi tunajua kwamba kwetu mtu aliye jukwaani huitikiwa kwa kichwa kumwonyesha kwamba amesikika, ila yule ofisa aliandika kwamba wamekubali, na marehemu alijilaumu kwa kichwa kile hadi siku zake za mwisho. Kabla ya saa kumi na mbili wanunuzi wa Wonosoka ni wachuuzi wa mboga wanaopanda na mapikipiki kutoka vijijini, na wachuuzi hao hulipa noti, hivyo mama aliyekuwa kazini tangu saa tisa usiku alionekana kwenye skrini kama maiti.

Barua ilikuja tarehe 14 Machi 2022, ikisema vibanda arobaini na kimoja vimekufa, na nafasi zake zitapewa wengine ifikapo tarehe 30 Aprili. Tarehe 16 Machi marehemu alikwenda ofisini na bakuli la tempe, na Retnowulan aliyefuatana naye anakumbuka yaliyosemwa, kwamba kijana wa mezani aligeuza skrini, akamwita Bu, yaani mama, akamwambia, "Bu Ngat, namba kumi na saba imekufa tangu Januari," naye akamjibu, "Imekufa? Basi hii tempe unayoila sasa hivi, mwanangu, imefukuliwa makaburini?" Kijana alicheka, akajifuta mdomo, akasema, "Mimi sina neno nawe, Bu, ni mfumo tu," na marehemu akamwambia, "Haya, niitie huyo Mfumo, nimwagizie chai, tuzungumze." Mfumo haukuitwa. Familia iliandika barua tarehe 2 Mei, tarehe 18 Julai na tarehe 3 Novemba, ikiomba jambo moja dogo, saa isogezwe hadi saa tatu asubuhi, na nakala zake tunazo, na jibu tulilopata ni moja, kwamba masharti yamepangwa mji mkuu na hayabadilishiki kutoka huku.

Basi kuanzia tarehe 1 Aprili 2022 marehemu alijitwika kazi ambayo hakutumwa na mtu. Kila alfajiri, wenzake wakishapokea noti ya kwanza na kuipigapiga juu ya bidhaa zao, alipita na kikapu kibanda kwa kibanda, vibanda arobaini, ghorofa ya chini na ya juu, akinunua kwa simu yake mwenyewe limau moja, kichwa kimoja cha kitunguu, fungu la pilipili la rupia elfu moja, ili kila kibanda kiwake kijani kabla ya saa kumi na mbili, naye Retnowulan akimlipia tempe moja kwa simu ili na kumi na saba iwake. Mama Tumirah wa namba ishirini na mbili, tunayemwita Mbok Tumirah, rafiki yake wa miaka arobaini, alimcheka siku ya kwanza, akamwambia, "Ngat, uzee huu umeona uwe mkaguzi wa malimau?" na marehemu akamjibu, "Nyamaza, Tum, fungua simu, na usiinunie, itakukataa kama wanaume walivyokukataa." Mwisho wa Aprili ulifika na hakuna nafasi hata moja iliyochukuliwa, na majirani wa Gondangsari mnafahamu malimau yale yalikoishia, kwa kuwa kwa miezi tisa hakuna jiko hapa lililonunua limau.

Mwezi Novemba 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi, akapelekwa kituo cha afya tarehe 21, daktari akamwambia moyo umetanuka na ngazi ni mwiko kwake, naye akasema kwa upole, "Daktari, nikikaa mimi mmoja, watakufa wenzangu arobaini," na daktari, aliyedhani ametaja ajali, alishtuka hadi Kristanto alipomweleza. Tarehe 12 Desemba ulifika ujumbe kutoka mjini kuja kuona mafanikio, ukatundikwa mlangoni bango lenye sura ya marehemu, likisema uhai wa vibanda umepanda hadi tisini na sita kwa mia, na kwamba uchumi umeinuka. Hakuulizwa kama sura yake itumike, wala hakuna aliyetaka kujua kijani ile inatoka wapi. Alisimama chini ya bango akalitazama kitambo, akasema, "Mbona wamenipaka weupe hivi, kama mtu wa kuzikwa?" kisha akapandisha kikapu chake ngazini, na watu walicheka, na sisi tulicheka, jambo tunalolijutia leo.

Siku ya Alhamisi, tarehe 19 Januari 2023, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua ikinyesha, aliangukia ngazini kati ya kibanda cha thelathini na moja na cha thelathini na mbili, akiwa ameshika simu. Alilazwa siku ishirini na moja. Alfajiri ya pili Mbok Tumirah alichukua kikapu kile na kuendelea bila kuambiwa, ila namba kumi na saba haikuweza kuwaka, kwa kuwa simu yake ilitaka uso wake, na uso wake ulikuwa hospitalini chini ya mpira wa hewa. Retnowulan aliketi pale kila siku na tempe mbichi mbele yake, akauza ikaisha kila siku. Tarehe 8 Februari simu ile ilileta ujumbe, kwamba kibanda namba kumi na saba hakina uhai kwa siku ishirini, na mwenye nacho athibitishe kwa uso wake ndani ya siku saba, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Marehemu aliomba asomewe, akasomewa, akasema, "Retno asitoke pale," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano na miezi kumi na moja kamili, ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na ndugu watatu.

Jana jioni alifika hapa msibani mtu wa ofisi, hatumtaji, naye alitoa pole kwa heshima, kisha akamvuta Kristanto pembeni akamshauri, kwa nia njema kama alivyosema mwenyewe, kwamba kabla jeneza halijafungwa simu isogezwe usoni pa marehemu, mara moja tu, kibanda kipate siku nyingine tisini, na watu hawatajua. Kristanto alimwambia, "Kaka, kunywa chai yako uende." Alipokuwa akipumua, ninyi wa ofisini mlimwita maiti, na sasa hapumui mnataka ajiandikishe kuwa hai. Familia imekataa. Jeneza lilifungwa saa mbili usiku bila simu kuletwa karibu, na ubao wa maua uliotumwa na mpango huo, tunashukuru kwa kukumbukwa, umewekwa nyuma ya nyumba.

Simu hiyo ni mali ya umma, na iko hapa mezani, mkono wa kushoto wa jeneza, imefutwa vumbi, na kando yake mnaviona vibao vya malipo arobaini, ambavyo akina mama wa Wonosoka wamevileta leo asubuhi kila mmoja kwa mkono wake, wa kwanza akiwa Mbok Tumirah, aliyesema mbele yetu, "Wakichukua kumi na saba, wachukue na ishirini na mbili, wakauze wao pilipili." Wageni wa safu ya tatu wanaombwa wasiondoke bila vitu hivyo, au, kama wanataka vibaki sokoni, waje Wonosoka siku moja saa kumi alfajiri, wakae kwenye gunia hadi jua litoke, ndipo waandike masharti upya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomhudumia kwa siku zote ishirini na moja, daktari wa kituo cha afya aliyemwonya mapema, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, kwaya, na zaidi ya wote wafanyabiashara wenzake, ambao aliwaita ndugu bila kuchagua dini.

Mwisho, tempe iliyofungwa juzi iliiva leo, hivyo Retnowulan alikwenda sokoni saa kumi alfajiri, akafungua kibanda kwa saa moja, mchuuzi wa kwanza akampa noti ya rupia elfu tano, akaipigapiga juu ya meza yote kama alivyofundishwa, akauza ikaisha, akarudi kumzika mama yake. Kwenye skrini ya ofisi namba kumi na saba bado ni ya kijivu. Mbakyu Ngatirah, dada yangu, Retno hajatoka pale, nawe umepanda ngazi za kutosha, lala sasa kwa amani.